Programu inakubali kote, inagoma kwenye mashine ya kafe tu: ero za Windows za zamani na namna ya kuzisoma



Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: "Kaka, hii programu nimeidaunlodi, kwenye laptop ya mshkaji wangu inafunguka freshi, nikija kafe inagoma. Ni virusi?" Fundi wa kafe naye ana dawa moja ya magonjwa yote: tupige Windows upya. Mara nyingi siyo virusi. Na ukipiga Windows ile ile ya zamani unarudi pale pale, ila sasa huna mafaili yako.

Mashine nyingi za kafe na steshenari zetu zilikuja zikiwa mtumba. RAM ni GB 1 au 2, ndani kuna Windows 7, na kuna kona bado unakutana na XP kabisa. Ero inayotokea kwenye Windows ya zamani peke yake kwa kawaida ina chanzo kimoja kati ya viwili. Ama programu inaomba kitu ambacho Windows hiyo haikuzaliwa nacho, ama dunia ya nje (tovuti, vyeti vya usalama, tarehe) imesonga mbele na mashine imebaki ilipokuwa. Ujumbe unaotokea kwenye skrini ndo unakwambia ni kipi, ila wengi tunabofya OK kabla hatujausoma.

KWANZA, UNA WINDOWS IPI?

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, kiboksi kikitokea andika winver, piga Enter. Utaona jina, namba ya toleo, na Service Pack kama ipo. Andika pembeni. Halafu ujue kama ni ya biti 32 au 64: kwenye Windows 7 bofya kulia kwenye Computer, chagua Properties, utaiona. Kwenye XP kama hujaona neno x64 popote, chukulia ni biti 32, maana XP ya biti 64 ilikuwa adimu.

Namba ya toleo ina maana kuliko jina. Ndani kwa ndani XP ni 5.1, Vista ni 6.0, Windows 7 ni 6.1, Windows 8 ni 6.2, 8.1 ni 6.3, halafu wakaruka hadi 10.0. Kila programu ya Windows ina mhuri ndani yake unaosema "mimi nataka kuanzia toleo fulani". Mhuri ukiwa juu ya namba yako, mlango umefungwa hata kama mashine ina nguvu kiasi gani.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. XP iliacha kupewa viraka tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 iliacha tarehe 14 Januari 2020, na wenye kulipia walisogezwa hadi Januari 2023. Lakini ero hazikuanza siku hizo. Chrome iliendelea kwenye XP hadi Aprili 2016, toleo la 49 likiwa la mwisho. Firefox 52 ESR ilipata marekebisho hadi 2018. Kwa Windows 7, Chrome ya mwisho ni 109 ya Januari 2023, yaani miaka mitatu baada ya Microsoft kufunga duka. Mashine inakatwa kidogo kidogo, programu moja leo, nyingine mwakani, kadiri watengenezaji wanavyobadilisha vifaa vyao vya kazi. Wale wa Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, nao wameingia kwenye foleni hiyo hiyo.

"IS NOT A VALID WIN32 APPLICATION"

Hii ni maarufu XP. Inasema faili si programu halali, mtu anadhani kauziwa mbuzi kwenye gunia. Sababu ni tatu na unazipima kwa mpangilio huu.

Moja, faili limekatika njiani. Kwa mtandao wa kafe hili ni la kawaida sana: tovuti inasema MB 40, wewe unalo la MB 23. Linganisha ukubwa kabla ya lolote. Mbili, umechukua la biti 64 ukaliweka kwenye Windows ya biti 32. Rudi ukachukue lile lililoandikwa x86 au 32-bit. (Windows 7 kwa kosa hili ina ujumbe wake mrefu zaidi, inakutajia x86 na x64 wazi wazi.) Tatu, ni ule mhuri: programu inataka 6.0, wewe upo 5.1.

Hiyo ya tatu ina historia yake. Visual Studio 2012, kifaa ambacho watengenezaji wengi wa programu za Windows hutumia, ilipotoka ilikuwa haiwezi kutengeneza programu za kukimbia XP. Kelele zikawa nyingi, Novemba 2012 wakatoa Update 1 iliyorudisha uwezo huo, lakini mtengenezaji ilibidi achague mwenyewe kuutumia. Wengi hawakuchagua. Ndiyo maana unakuta programu ndogo tu, haina mbwembwe yoyote, inakataa XP: aliyeitengeneza wala hakukusudia, ni kifaa chake tu kilipiga mhuri mpya.

"THE PROCEDURE ENTRY POINT ... COULD NOT BE LOCATED"

Hapa nataka mtulie kidogo, maana ero hii ukiielewa umeelewa nusu ya mambo.

Programu haifanyi kila kitu yenyewe. Ikitaka kujua saa, kufungua faili au kuomba memori, inakwenda dirishani kwa Windows na kutaja jina la huduma. Madirisha hayo ni mafaili ya DLL, na kubwa lao ni KERNEL32.dll. Ujumbe huu unakutajia vitu viwili: jina la huduma iliyoombwa na dirisha iliyoombwa. Ukiona GetTickCount64 na KERNEL32.dll, maana yake programu imeomba huduma iliyoanza na Vista, na wewe upo XP. Kulikuwa na GetTickCount ya zamani, inayohesabu milisekunde tangu mashine iwake, lakini hesabu yake inajaa na kuanza sifuri baada ya siku 49 na ushei. Mpya haina tatizo hilo, kwa hiyo watengenezaji wakahamia huko, na XP wakaiacha kwenye mataa. Kwa watu wa Windows 7 jina mtakalokutana nalo mara nyingi ni GetSystemTimePreciseAsFileTime. Hiyo ilianza na Windows 8.

Dawa yake? Siyo kutafuta KERNEL32.dll ya mashine mpya na kuibandika kwenye ya zamani. Faili hilo ni kiungo cha ndani kabisa, ukilibadilisha mashine inaweza isiwake tena. Na ile Compatibility Mode wanayoisifia mafundi haisaidii hapa. Kwa kiasi kikubwa inachofanya ni kuidanganya programu kuhusu toleo la Windows, inafaa programu ya zamani iliyopo kwenye Windows mpya. Huduma ambayo haipo dirishani haiwezi kuzaliwa kwa kudanganya jina.

Kinachosaidia ni kurudi nyuma kwenye programu yenyewe. Tafuta toleo la mwisho lililokubali Windows yako, na ulichukue kwenye tovuti ya wenyewe. Nitaje machache yanayoulizwa sana. Mnaojifunza Python: ya mwisho kwa XP ni 3.4, ya mwisho kwa Windows 7 ni 3.8, na zote bado zipo python.org. LibreOffice ya mwisho kwa XP ni 5.4. VLC 3.0 inakubali XP yenye Service Pack 3, na 7-Zip nayo haina maringo. Kama mwalimu kawaambia mnatumia Python mpya kuliko hiyo, usipoteze usiku mzima kwenye Windows 7, hamia mashine nyingine.

DLL "IS MISSING", NA TOVUTI ZA KUSAMBAZA DLL

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatibika kirahisi na bado ndiyo inayoumiza watu.

Ujumbe unasema programu haiwezi kuanza kwa sababu api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll haipo, au VCRUNTIME140.dll, au MSVCP140.dll. Kijana anaandika jina hilo Google, anapata tovuti inayompa faili hilo peke yake, anabofya, anapewa na kijiprogramu cha "kurekebisha kompyuta", anakubali. Kwa mashine ya kafe ambayo watu 30 kwa siku wanaandikia nywila zao, hapo umewaingiza wote. Mwenye kafe hajui, wewe hujui, na aliyeibiwa akaunti wiki ijayo hajui ilianzia wapi.

DLL hizo haziombwi moja moja. Zinakuja kwa furushi na furushi linatoka Microsoft bure. VCRUNTIME140 na MSVCP140 zinatoka kwenye Visual C++ Redistributable. Kwa Windows 7, hizo zinazoanza na api-ms-win-crt ni sehemu ya kitu kinaitwa Universal CRT, ambacho kilikuja ndani ya Windows 10 mwaka 2015. Windows 7 ikapelekewa kama kiraka namba KB2999226. Kiraka hicho hakiingii bila Service Pack 1. Kwa hiyo mpangilio ni: Service Pack 1 kwanza, halafu KB2999226, halafu Visual C++ Redistributable, halafu jaribu programu. Na kama Windows ni ya biti 64, weka furushi zote mbili, x86 na x64, maana programu ya biti 32 haisomi DLL ya biti 64.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye ya biti 32. Ndiyo, umesoma sawa, majina yamepinduka (waliogopa kuvunja programu zilizokwishaandika jina System32 ndani yake). Mtu akibandika DLL kwa mkono anakosea folda, na ero inabadilika kuwa 0xc000007b. Ukiona namba hiyo, mara nyingi biti 32 na 64 zimechanganywa. Ondoa ulichobandika, weka furushi rasmi.

Kuna na kisa cha ndugu yake: Windows 7 inakataa kuinstoli kitu kwa madai kwamba sahihi ya faili haitambuliki, wakati faili ni halali kabisa. Watengenezaji walihamia sahihi za aina ya SHA-2, na Windows 7 ilihitaji kiraka KB4474419 cha mwaka 2019, pamoja na KB4490628. Ukiwa umepiga Windows 7 kutoka kwenye sidii ya zamani, hivyo viwili huna.

TOVUTI INAFUNGUKA KWENYE SIMU, KWENYE KAFE HAIFUNGUKI

Kabla ya kitu chochote tazama saa, kule kona ya chini kulia. Tazama na mwaka.

Kwenye madabodi kuna betri ya duara, CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila asubuhi mashine inaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo brauza inaona cheti "bado hakijaanza" na inakataa kila tovuti yenye https. Nimeshuhudia steshenari moja dada ana fomu ya maombi ya chuo inayofungwa saa sita usiku, kila tovuti inaleta onyo, fundi akaamua ni virusi, akafomati diski nzima. Picha za vyeti vyake alivyoskani mchana zilikuwa humo. Windows mpya ikawaka, saa ikasema ni 2009, onyo likarudi vile vile. Betri yenyewe haizidi bei ya chipsi kavu.

Saa ikiwa sawa na bado inakataa, tatizo ni lugha ya usiri inayoitwa TLS. Internet Explorer ya XP inaishia TLS 1.0. Mwaka 2020 brauza kubwa ziliacha TLS 1.0 na 1.1, na tovuti nyingi zimezifunga upande wa sava pia. Kwa hiyo IE ya XP inagonga mlango kwa lugha ambayo ndani hakuna tena anayeisikia, na inakwambia tu ukurasa hauwezi kuonyeshwa. Hakuna kitufe cha kurekebisha. Njia iliyopo ni brauza inayobeba TLS yake yenyewe: Firefox 52 ESR inafanya hivyo, inafika TLS 1.2.

Windows 7 ni tofauti. TLS 1.2 imo ndani lakini kwa programu nyingi imezimwa. Fungua Internet Options, nenda Advanced, shuka chini utaona Use TLS 1.2, weka alama. Kama inayogoma siyo brauza bali programu nyingine inayounganisha intaneti, huenda ukahitaji kiraka KB3140245.

Tarehe nyingine ya kukumbuka ni 30 Septemba 2021. Siku hiyo cheti mama kinachoitwa DST Root CA X3 kiliisha muda, na tovuti nyingi zinazotumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt zikaanza kukataliwa na mashine ambazo hazikuwa na cheti mama kipya, ISRG Root X1. Chrome ya kwenye XP ilitegemea orodha ya vyeti ya Windows, ikakwama. Firefox ina orodha yake, na ISRG Root X1 iliingia kuanzia toleo la 50, ndiyo maana mashine moja, mtandao mmoja, Chrome inakataa na Firefox inakubali. Wenye simu za Android chini ya 7.1.1 ugonjwa wenu ni huo huo, ila ulicheleweshwa hadi 2024.

Na wenye Firefox ya zamani kwenye Windows 7: tarehe 14 Machi 2025 cheti kingine kilichokuwa ndani ya Firefox yenyewe kiliisha. Matoleo chini ya 128, au ESR chini ya 115.13, viongezo vyake vilianza kugoma. Usihangaike kuinstoli kiongezo upya, apdeti Firefox 115 ESR, ndiyo tawi la mwisho linalokubali Windows 7.

PROGRAMU INAZIMIKA KIMYA

Hakuna ujumbe, dirisha linawaka na kupotea. Andika eventvwr kwenye kile kiboksi cha Windows+R, fungua kumbukumbu za Application, tafuta mstari mwekundu wa dakika ile. Utaona Faulting module, yaani faili lililoangukiwa na mzigo. Ukilijua jina unajua pa kutafuta. Pia kumbuka prosesa: Chrome tangu toleo la 35 la mwaka 2014 inataka SSE2, na tangu 89 ya mwaka 2021 inataka SSE3. Pentium III na Athlon XP hazina hata SSE2. Hapo hata ukipiga Windows mara kumi, bure.

LINI UACHE KUTIBU

Maoni yangu, na najua wenye kafe watanuna. XP isiguse mtandao kwa kazi yenye nywila. Huduma za pesa, barua pepe, maombi ya ajira, usiandike humo hata kama Firefox 52 inafungua ukurasa vizuri. Ukurasa kufunguka na mashine kuwa salama ni vitu viwili. Mei 2017 WannaCry ilipofunga mafaili ya watu dunia nzima, Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa XP iliyokwisha kuachwa, na nyingi za mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambazo kiraka chao kilikuwa tayari tangu Machi ila hakijawekwa. XP waachie kazi za kuchapa na kuprinti, kebo ya mtandao ikiwa nje.

Kwa mashine yenye Core 2 Duo na GB 2 jaribu Linux nyepesi kwa fleshi kabla ya kuitupa. Inawaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, unaona kama printa na mtandao vinakubali. Core 2 Duo ni ya biti 64 hata kama aliyeitangulia aliweka XP ya biti 32, kwa hiyo usikubali kuambiwa haiwezi. Kwa zile za biti 32 kweli kweli, Debian 12 ya mwaka 2023 bado ina kiinstolio chake, ila Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena.

Mwenye ero ambayo sijaigusa aandike hapo chini, lakini jamani, siyo "programu yangu inagoma nisaidie". Nipe winver inasemaje, biti ngapi, Service Pack ipi, na ujumbe wa ero neno kwa neno pamoja na namba zake. Ukishindwa kuunakili, upige picha kwa simu.